Mtoe Paka Uone: Riwaya Nne za Paka na Mauaji Zikilinganishwa

Kitabu kilichonisukuma kuandika haya nilikinunua kipya, dukani katikati ya jiji, kwa shilingi 1,650. Jalada lake ndilo lililonivuta: paka watatu wamejipanga dirishani, kikombe cha chai kinafuka mvuke, na nyuma ya pazia kivuli cha mtu. Kila ninachokipenda katika riwaya za aina hii kilikuwa pale. Nilikisoma kwa usiku mbili nyumbani kwangu Pangani, Nairobi, paka wangu Mwezi amejikunja miguuni, na nilipofunga ukurasa wa mwisho niliumia moyo. Nilikuwa nimeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Jina la kitabu hicho sitalitaja. Kosa lake si lake peke yake. Wenzake ni wengi, majalada yao yanafanana kama mayai, na ningependa msomaji ajue kulitambua kosa lenyewe kuliko kukwepa jina moja.

Wiki mbili baadaye Rehema, binti wa kaka yangu, alikuja kutoka Umoja kukaa nami siku chache za likizo. Ana miaka 16, anasoma haraka, na filamu za kutisha humnyima usingizi. Akasimama mbele ya rafu yangu, mikono nyuma, kama mtu aliyeingia duka la vitambaa.

"Shangazi, nipe kitabu cha mauaji, lakini kisinitishe. Na kiwe na paka."

Nilitoa vinne nikavilaza mezani. Kimoja ni hicho kilichonivunja moyo. Nilikiweka makusudi, kwa sababu ni vigumu kumweleza mtu utamu wa kitu bila kumwonyesha kilichopooza. Vingine vitatu ni vya kwanza katika misururu mitatu ya Marekani: The Cat Who Could Read Backwards cha Lilian Jackson Braun, kilichotoka mwaka 1966, Wish You Were Here cha Rita Mae Brown, cha 1990, na Cat on the Edge cha Shirley Rousseau Murphy, cha 1996. Vyote vinne ni vya Kiingereza. Hivyo vitatu nilivipata kwa nyakati tofauti kwa wale wauzaji wanaotandika vitabu vya mitumba kando ya barabara, mahali ambapo sharti uiname uchague, na hakuna hata kimoja nilichokilipia zaidi ya shilingi 250.

Kwa asiyezijua riwaya hizi, niseme kidogo. Ni hadithi za upelelezi zilizotulia. Anayepeleleza si polisi, ni mtu wa kawaida mwenye kazi inayomkutanisha na watu: mwandishi wa gazeti, karani wa posta, mwenye duka. Mahali ni padogo na watu wanajuana mpaka majina ya mbwa wao. Mtu anauawa, ila damu haimwagwi mbele ya macho yako, na kurasa nyingi ni za mazungumzo, chakula na umbea. Agatha Christie alipomwingiza Miss Marple katika riwaya mwaka 1930, alitupa mfano ambao wengi wameufuata: ajuza wa kijijini, sindano za kufumia mkononi, anayemtambua mhalifu kwa kumfananisha na mtu fulani aliyewahi kumjua pale pale kijijini. Sharti kubwa kuliko yote ni la haki. Kila kilichoonekana na mpelelezi, msomaji naye akione; akishindwa kumjua muuaji, ashindwe kwa kuzidiwa akili, si kwa kufichwa.

Na wala si jambo geni kwetu kumweka paka katikati ya vifo. Waliolelewa kwa hadithi za pwani wanaijua ile ya Sultani Majinuni, ambayo Edward Steere aliichapisha London mwaka 1870 pamoja na hadithi nyingine alizozikusanya Unguja. Paka wa sultani anakula ndama. Watu wanakuja kushtaki, sultani anajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Anakula mbuzi, jibu ni lile lile. Anapanda hadi ng'ombe, punda, ngamia, kisha watu, na siku anapowaua wana wa sultani mwenyewe ndipo inapokubaliwa kuwa huyo si paka tena, ni nunda mla watu. Kitinda mimba anatoka kwenda kumwinda. Anaua mnyama, anarudi akiimba kwamba amemuua nunda, na mama yake anamjibu: mwanangu, si yeye. Anaua mwingine, mkubwa zaidi. Si yeye. Baadaye kijana hakurupuki tena. Anazishika sifa alizoambiwa, masikio madogo, mwili mpana usio mrefu, mkia mnene, na kila mnyama anayemwona anampima kwa sifa hizo moja moja mpaka anamfikia mwenyewe. Mimi nilipoisoma tena nikiwa mtu mzima niliona kwamba huo ni upelelezi kamili. Wapo washukiwa, wapo wasio na hatia, ipo dalili moja baada ya nyingine, na msomaji anazijua dalili hizo sawasawa na mwindaji.

Sasa jaribu kumtoa paka katika hadithi hiyo. Haibaki kitu.

Hapo ndipo nilipopata kipimo changu, na ndicho nilichokitumia juu ya vitabu vyote vinne: mtoe paka, uone kama hadithi inaanguka. Ikisimama vile vile, basi paka alikuwa pambo la jalada.

Nilianza na kile cha shilingi 1,650. Nilirudi mwanzo nikahesabu kwa penseli. Kitabu kina kurasa 288, na paka wanaonekana katika kurasa 31. Katika hizo 31 wanakula, wanalala, au wanamrukia mwenye nyumba mapajani ili apate mtu wa kumweleza anachofikiri. Hawaoni kitu, hawasikii kitu, hawaburuti kitu kutoka uvunguni. Muuaji mwenyewe anatajwa kwa mara ya kwanza ukurasa wa 231, akiwa mgeni aliyetoka mji mwingine, na kurasa hamsini baadaye anasimama jikoni na kueleza kila kitu kwa kinywa chake bila kuulizwa. Niliyekuwa nimemshuku tangu mwanzo hakuwa na hatia, na hilo ni sawa kabisa, ndio mchezo ulivyo. Lakini hakukuwa na njia yoyote ya mimi kumshuku wa kweli. Lile sharti la haki lilivunjwa.

Kilichoniuma zaidi ni jambo moja dogo. Karibu ukurasa wa 90, paka mmoja anafika kwenye mlango wa ghala, anasimama, manyoya yanamsimama mgongoni, na anakataa katakata kuingia. Nywele za mkono wangu zilisisimka. Nilijisemea: haya sasa, kumbe kuna kitu. Nikasubiri. Ghala lile halikutajwa tena mpaka mwisho wa kitabu.

Anayeishi na paka anajua kwa nini hilo ni kosa zito. Sikio la mwanadamu huishia kwenye mawimbi ya takriban kilohezi 20. La paka hupita 60, na kwa hiyo anasikia milio ya panya ambayo kwetu ni kimya kitupu. Wakati wa mvua za mwezi wa nne, Mwezi alikaa jioni mbili mfululizo akikodolea ukuta wa jikoni mahali pasipo na chochote. Nilimfukuza, akarudi. Siku ya tatu rangi ilianza kuvimba pale pale, na fundi wa bomba alipovunja plasta alikuta mfereji unavuja ndani kwa ndani. Paka akikataa chumba ana sababu, na mwandishi akimkatalisha chumba anawiwa na msomaji hiyo sababu. Wahenga walisema paka hakubali kulala chali. Kila mnyama ana tabia yake, na anayemwandika lazima awe ameikaa na kuitazama.

Kitabu cha Braun kimeandikwa na mtu aliyetazama. Chanzo chake ni huzuni. Alikuwa mhariri katika gazeti la Detroit Free Press, na alikuwa na paka wa Kisiamu aitwaye Koko aliyekufa kwa kuanguka kutoka dirisha la ghorofa ya kumi. Majirani wakasema hakuanguka, alisukumwa. Braun aliandika hadithi fupi kuipoza hasira hiyo, na kutoka hapo akazaliwa Koko wa riwayani, anayefufuliwa na kupewa kazi ya kufichua wauaji. Nikikisoma kitabu huku nikikumbuka hilo, naona kwa nini yule paka anaheshimiwa katika kila ukurasa.

Mpelelezi wake ni Jim Qwilleran, mwandishi wa habari aliyewahi kuvuma, akaanguka kwa pombe, na sasa anaanza upya katika gazeti ambalo limemtupa kwenye dawati la sanaa, kitu asichokijua hata kidogo. Ana masharubu makubwa ambayo humwasha jambo likiwa haliko sawa. Anapanga nyumba kwa mkosoaji wa sanaa mwenye ulimi mkali na maadui wengi, na mkosoaji huyo ana Koko. Paka huyu hasemi. Hana uchawi unaoweza kuuthibitisha. Anapitisha pua juu ya vichwa vya habari kutoka kulia kwenda kushoto, anakwaruza mahali fulani, anapiga ukelele wa Kisiamu ambao aliyewahi kuusikia hausahau, anaganda mbele ya kitu. Qwilleran anaona, anapuuza, kisha usiku anakumbuka. Huwezi kuapa kwamba Koko alijua, na huwezi kuapa kwamba hakujua. Katika nafasi hiyo ya katikati ndimo raha yote ya kitabu ilimo, na ndiyo hali halisi ya kuishi na paka.

Ukimtoa Koko, Qwilleran hafiki popote. Na bado dalili zote zimewekwa wazi. Mara ya pili nilipokisoma nilizikuta zote mahali pake, nikaona aibu kidogo kwamba zilinipita.

Kina upungufu wake. Ni cha 1966 na kinanukia 1966. Wanawake wengi humo wanaelezwa kwanza kwa mavazi. Sanaa ya kisasa inajadiliwa kwa kirefu kuliko subira ya kila mtu. Na anayependezwa asidhani msururu wote uko hivi. Braun alitoa vitatu kati ya 1966 na 1968, akanyamaza miaka 18, akarudi 1986, kisha akaendelea hadi 2007, jumla riwaya 29. Njiani Qwilleran anarithi utajiri na kuhamia wilaya ya kubuni kaskazini kabisa, na kadiri miaka inavyokwenda vitabu vinakuwa zaidi vya maisha ya mji ule, karamu zake, historia zake, na siri ya mauaji inapungua uzito. Wapo wasomaji wanaovipenda hivyo kwa sababu wamekwisha kuwa wenyeji wa mji. Mimi ningemwambia mtu asome vile vitatu vya kwanza na vichache vya baada ya 1986, kisha aisikilize nafsi yake.

Cha Rita Mae Brown kina shamrashamra zaidi. Mahali ni Crozet, mji mdogo uliopo kweli katika jimbo la Virginia. Harry ni mwanamke anayesimamia posta, yuko katikati ya talaka, na anaishi na paka wa milia aitwaye Mrs. Murphy na mbwa mdogo aitwaye Tucker. Kuna paka wa kijivu pia, Pewter, mnene na mpenda chakula, na alinichekesha sana. Mwandishi amemtaja paka wake mwenyewe, Sneaky Pie Brown, jaladani kama mwandishi mwenza, na kitabu kizima kina moyo huo wa uchangamfu.

Tofauti kubwa na cha Braun ni kwamba hapa wanyama wanaongea. Wanaongea wao kwa wao, na sisi tunasoma, lakini binadamu hawaelewi. Mrs. Murphy anaweza kujua jambo zito, akalipiga kelele, na Harry akadhani anataka kulishwa. Hilo lina mashaka yake matamu: msomaji anajua zaidi ya mpelelezi na anatamani kuingia kitabuni amtikise bega.

Na mkasa wenyewe umeshonwa vizuri. Watu wanapokea postikadi yenye picha ya kaburi na maneno machache ya kutamani wangekuwapo, kisha wanakufa. Harry anaziona kwa sababu zinapita mikononi mwake. Nadhani msomaji wa Kenya ataelewa kwa urahisi kuliko wengi, maana sisi tumekua na sanduku la posta. Tunajua yule karani wa nyuma ya visanduku anajua nani kaandikiwa na nani, nani hajafungua sanduku lake mwezi mzima. Nilipokuwa mdogo baba alinituma na ufunguo kila Jumamosi, na yule mama wa posta alikuwa akiniambia kabla sijafungua kama kuna barua.

Nikimtoa paka hapa, hadithi inachechemea lakini haianguki kabisa. Harry na postikadi zake wangeweza kufika mbali. Ila kitabu kingepoteza nusu ya sauti zake, na zile zilizo bora. Upungufu ninaouona ni wingi wa watu. Ipo orodha ya wahusika mwanzoni, na nashauri uweke kidole hapo kwa kurasa hamsini za kwanza. Tena wanyama hupenda kutoa maoni juu ya tabia za wanadamu, na kuna mahali maoni yanakuwa marefu kuliko tukio.

Kwa cha Shirley Rousseau Murphy sitakawia. Joe Grey, dume la kijivu lenye mkia mfupi, anashuhudia mauaji uchochoroni katika mji wa pwani ya California, na karibu wakati huo huo anagundua kwamba anaelewa na kusema lugha ya binadamu. Muuaji anajua kwamba kaonwa na anamwinda. Joe hawezi kwenda kituoni kutoa ushahidi, kwa hiyo anatumia simu. Ukimtoa paka hapa huna kitabu, kwa maana yeye ndiye shahidi, mwathiriwa na mpelelezi kwa pamoja. Kwa kipimo changu kimefaulu kuliko vyote. Lakini moyoni nakiweka nyuma ya Braun, na sababu ni kwamba paka anayepiga simu ameniondolea lile swali la kama anajua au hajui. Anayependa mambo ya ajabu, majini na viumbe vinavyobadilika, atafurahi sana. Na kina mbio: huyu mnyama yuko hatarini kweli, usiku, peke yake. Rehema alipouliza kama kinatisha nilimjibu kwamba si cha damu, ila atashika blanketi.

Basi nilimpangia hivi. Kama tatizo ni Kiingereza, Braun ni mwepesi kuliko wote. Sentensi zake ni fupi, za mtu wa gazeti, na mazungumzo yanakwenda. Brown ana misemo ya kusini mwa Marekani ambayo itakusimamisha mara kwa mara. Murphy anapenda kueleza mandhari, nuru ya asubuhi, paa za nyumba, harufu ya bahari, na inapendeza, lakini lazima uwe na subira na vivumishi. Cha shilingi 1,650 ndicho chepesi kuliko vyote vinne kwa lugha, na nalisema hilo kwa haki. Kwa mtu anayejifunza kusoma riwaya nzima ya Kiingereza kwa mara ya kwanza, huenda kikamfaa kwa hilo tu.

Kama unachotaka ni fumbo la kufumbua kwa akili yako, peni mkononi, chukua Braun wa mwanzo, kisha Brown. Kama unataka kampani, kitabu cha kusoma jikoni maharagwe yakiiva, ambacho ukikiacha siku mbili ukirudi watu bado wapo wanagombana, Brown hana mpinzani. Anayesoma kwenye matatu kutoka Rongai au Kitengela, saa nzima ya foleni asubuhi na saa nzima jioni, nadhani atafaidi Joe Grey zaidi, kwa kuwa kila sura inamwacha mahali pabaya na kituo kinafika haraka.

Kuhusu pesa sina maneno mengi. Kabla ya kununua kipya, zunguka kwa wauzaji wa kando ya barabara, na uwe mstaarabu kwao, maana wengi wanazijua rafu zao zilizo chini kuliko karani wa duka anavyoijua kompyuta yake. Wa kwangu nilimweleza nataka za paka na mauaji. Akanijibu, "Mama, kuna mbili nimeweka chini ya hizi za hesabu, ngoja," na akazitoa bila kutafuta. Maktaba nayo isisahaulike. Ile ya McMillan, Mtaa wa Banda, iliyofunguliwa mwaka 1931, ina masanamu ya simba pale mbele, na kila nikipita huwaza kwamba hakuna mlango wa maktaba unaomfaa msomaji wa hadithi za paka kuliko huo.

Dukani au kando ya barabara, fanya kama ninavyofanya sasa. Usisome maneno ya nyuma ya jalada. Fungua katikati, mahali popote palipo na paka, usome kurasa mbili. Jiulize huyo paka anafanya nini pale. Kama anajilamba tu huku binadamu wakizungumza, fungua mahali pengine. Mara tatu akiwa anajilamba, kirudishe. Ningejua hilo mapema ningebaki na shilingi zangu.

Atakayeuliza kama kipo cha Kiswahili, jibu langu ni kwamba upelelezi tunao, na mzuri. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alitupa mpelelezi Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na utulivu ule ninaoutafuta katika riwaya za paka uko humo tele: mazungumzo, adabu, mtu mmoja anayetazama wakati wengine wanaogopa mizimu. Dalili zake ni za haki. Paka ndiye asiyekuwamo. Ninatamani sana atokee mwandishi wa kumwingiza, maana Nairobi ingemlea vizuri. Fikiria paka wa City Market, upande wa nyama, anayejua kila bucha linafungwa saa ngapi na nani alirudi usiku kuchukua kisu. Mwanzo ungekuwa tayari.

Rehema alivishika vyote vinne kimoja kimoja. Alivutwa na lile jalada la paka watatu, kama nilivyovutwa mimi, na sikumzuia. Nilimwambia afungue katikati. Akasoma, akageuza, akasoma tena.

"Shangazi, huyu paka amelala tu."

"Jaribu pengine."

"Hapa pia amelala."

Akakiweka, akachukua cha 1966 kilichokunjika uti, chenye jina la mtu nisiyemjua limeandikwa kwa wino ndani. Baada ya chakula cha jioni alijifungia nacho. Saa tano usiku nilikuwa nazima taa ya sebuleni alipofungua mlango kidogo, kidole kikiwa bado kati ya kurasa.

"Koko amekaa mbele ya hiyo picha na hataki kutoka," alisema. "Usiniambie kwa nini."

Sikumwambia. Mwezi alipenya mlangoni kwa ile nafasi ndogo, akapanda kitandani kwake, na usiku huo miguu yangu ililala peke yake.